Ngome Tuliyoitafuta Mashariki ya Msikiti

Wazee wa kijiji chetu hawaafikiani juu ya mambo mengi, lakini juu ya hili wana kauli moja: katika kichaka kilicho mashariki ya msikiti, kabla ya kuifikia mikoko, palikuwa na ngome. Mahali penyewe huitwa Ngomeni hata leo, na watoto waendao kutafuta kuni hulitaja jina hilo pasi na kujiuliza asili yake. Ama nani aliyeijenga na nani aliyeibomoa, hapo kila mzee ana yake. Wapo wasemao Wareno, wapo wasemao Washirazi, na yupo mmoja asemaye majini, naye ndiye asimuliaye vizuri kuliko wenzake wote.

Habari hiyo ingalibaki kuwa ya barazani lau si madrasa. Kichaka kile ni sehemu ya wakfu wa msikiti, na mwaka jana mfadhili mmoja alijitolea kutujengea hapo madrasa ya vyumba vinne, kwa sharti kwamba msingi uchimbwe kabla ya masika. Watoto wetu husoma chini ya mwembe. Mvua ikinyesha, darasa limekwisha. Fundi aliyekuja kupima aliuona ukuta wa mawe uliozama katika mizizi akafurahi mno. Mawe ya msingi, alisema, yamekwisha kupatikana bila ya gharama, na yatakayosalia yatachomwa chokaa.

Kamati iligawanyika usiku ule ule. Baadhi yetu waliona kuwa mawe yasiyomfaa mtu ni bora yawafae watoto wa Kiislamu. Tena walikuwa na hoja nyingine nzito zaidi: pale kichakani hupelekwa ubani, vitambaa vyekundu na kuku, na watu humwomba asiyekuwa Mwenyezi Mungu. Ukuta ukiondoka, walisema, mlango wa ushirikina umefungwa. Wengine tukauliza: tunabomoa nini? Hatukuwa na jibu, wala hao waliotaka kubomoa hawakuwa nalo. Imamu akaamua tupewe miezi miwili ya kutafuta.

Kikundi kilichoundwa hakikuwa na msomi wa akiolojia hata mmoja. Alikuwamo mwalimu mstaafu wa historia, mvuvi anayeijua pwani hii kwa usiku na mchana, vijana wawili wenye mapanga, bibi mmoja mfinyanzi wa vyungu, nasi tuliotumwa na kamati kuandika kila kitakachoonekana. Mwalimu aliweka sharti moja tangu siku ya kwanza, nalo ni kutochimba. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda majengo ya kabla ya mwaka 1863, na hairuhusu mtu kuyafukua bila ya leseni. Tungefyeka, tungepima, tungeokota kilicho juu ya ardhi na kukirudisha pale pale baada ya kukichora. Sharti hilo liliwaudhi vijana kidogo, kwani mashimo ya watafutao dhahabu ya Wajerumani tuliyakuta matano, na moja lilikuwa limepasua kaburi. Dhahabu ya Wajerumani imeharibu mengi katika pwani hii, na hatujapata kumwona aliyeipata.

Kabla ya kufyeka, tulivuka kwenda Kilwa Kisiwani kujifunza ngome inafananaje. Hapo ndipo mambo yalipoanza kutugeukia. Kisiwani yapo majengo mawili yaitwayo Husuni, na neno hilo ni la Kiarabu lenye maana ya ngome. Kwa hiyo tulitarajia minara na matundu ya kupigania. Husuni Kubwa, iliyo juu ya jabali linaloitazama bahari, si ngome hata kidogo. Ni kasri: vyumba zaidi ya 100, nyua pana, madari ya kuba, na birika la kuogea lenye pembe nane. Kwa miaka mingi palikuwa magofu yaliyomezwa na miti, hata Neville Chittick alipofukua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, likapatikana jiwe lenye maandishi yanayomtaja Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331. Msafiri huyo alimsifu sultani kwa ukarimu na akausifu mji, ila kasri lenyewe hakulieleza. Nalo halikumalizwa, na halikukaliwa kwa muda mrefu.

Husuni Ndogo iko jirani, na hiyo ndiyo iliyomshughulisha mwalimu. Ni uwanja wa pembe nne uliozungushiwa ukuta mnene wenye vibuyu vya minara, na ndani yake karibu hamna kitu. Wataalamu wamebishana kama ni ngome, soko, au ghala ya bidhaa. Mwalimu aliuzunguka ukuta ule mara tatu akiupima kwa kamba yake yenye mafundo, kisha akasema kwamba kama jina la Husuni limewababaisha wataalamu wenye vitabu, basi na jina la Ngomeni tusiliamini kupita kiasi.

Tuliporudi tulifyeka kwa siku nne. Ukuta wa kaskazini ulionekana wote, urefu wa hatua ishirini na mbili, wa mawe ya matumbawe na chokaa, mahali pengine ukifika kifuani. Katika ukuta huo palijitokeza kwa nje tuta la mawe lenye umbo la nusu duara. Vijana wakapiga takbiri: mnara! Mwalimu naye, pamoja na tahadhari zake zote, alionekana kutabasamu.

Bibi mfinyanzi hakuwa akilitazama tuta. Alikuwa ameketi chini akiokota vigae. Vingi, alituonyesha, ni vya vyungu vya kupikia vya udongo wa papa hapa, kwa kuwa mchanga uliochanganywa humo ni ule ule autumiao yeye. Vichache vilikuwa vya kigeni, vimepakwa rangi ya samawati iliyofifia, na kimoja cha kijani kibichi chororo tulikifananisha na vile tulivyoviona makumbusho vya kutoka Uchina. Lakini alilouliza yeye ni jambo jingine: mbona vigae vya kupikia viko huku kusini tu, na karibu na ukuta ule hakuna hata kimoja? Watu hawakupika pale, alisema. Kwa nini?

Tulichukua dira. Katika sehemu hii ya pwani, kibla ni kaskazini karibu kabisa, kwani Makka na Kilwa zinakaribia kuwa katika mstari mmoja wa longitudo. Ukuta ulikuwa umekaa mashariki na magharibi kwa unyoofu wa kushangaza, na uso wake ulielekea kaskazini. Mwalimu akapima kutoka kila pembe hadi kwenye tuta. Lilikuwa katikati, kwa tofauti isiyozidi shubiri. Mnara wa kulinda ngome huwekwa pembeni aghalabu, au huwa na mwenzake. Hili lilikuwa peke yake. Mvuvi aliingia upande wa ndani, akapapasa kwa mkono nyuma ya mizizi ya mbuyu mchanga, akasema pana uwazi uliopinda, uliolainishwa kwa plasta.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha imamu, ambaye alikuwa amekuja kutuletea maji, alivua viatu vyake.

Tuliiandikia ofisi ya mambo ya kale, na barua yetu ilisema tu kile tulichokiona: ukuta, uwazi unaofanana na mihrabu, makaburi kadhaa upande wa kaskazini, vigae na mahali vilipo. Umri wake tumewaachia wenye elimu hiyo. Kikao cha kamati kilichofuata kilikuwa kifupi. Waliotaka ukuta uondoke ili kuufunga mlango wa ushirikina ndio waliokuwa wa kwanza kusema kwamba mahali palipowahi kusujudiwa Mwenyezi Mungu hapawezi kuwa tanuri la chokaa. Vitambaa vyekundu walivikusanya wao wenyewe.

Gharama yake haikuwa ndogo. Mfadhili hakupendezwa na kuhamishiwa madrasa kwenye kipande chembamba cha kusini, na vyumba vinne vimekuwa viwili. Fundi ananunua mawe. Baadhi ya wazazi bado wanatuuliza, na wana haki ya kuuliza, ni lini watoto wao watatoka chini ya mwembe kwa ajili ya ukuta usio na paa. Tunawajibu kwamba msingi umechimbwa, na fedha za mabati zinakusanywa kila Ijumaa baada ya swala.

Mwalimu hajaridhika. Anasema jina la Ngomeni haliwezi kutoka hewani, na kwamba msikiti mkubwa kiasi kile haukukaa peke yake. Mvuvi amemwambia kuwa kwenye mkono wa bahari, maji yakitoka sana, huonekana mawe yaliyopangwa. Bamvua ni Jumapili ijayo, na mwalimu amekwisha kununua kamba mpya.