Waya Uliofichwa

Watu wengi hudhani ya kwamba wezi wa magari huyatamani magari mapya tu. Nami nilidhani hivyo mpaka mwezi wa Aprili mwaka huu, gari la rafiki wa baba lilipoibwa usiku nje ya nyumba yake. Lilikuwa gari kuukuu, rangi imebabuka, mlango mmoja haufunguki kwa ndani. Hata leo halijaonekana.

Baba yangu ni dereva wa teksi mjini Moshi. Gari lake ni Toyota Corolla ya mwaka 1996, yenye giya za mkono. Hilo ndilo linalotupatia chakula, kodi ya nyumba, sare za wadogo zangu wawili na nauli yangu ya kuja shuleni. Bima yake ni ile ya mtu wa tatu, ambayo humlipa anayeumizwa na gari, lakini gari lenyewe likiibwa mwenyewe hapati hata senti. Basi tangu Aprili baba hakulala usingizi wa kutosha. Kila mbwa alipobweka aliamka akachungulia dirishani. Mama alisema gari limekuwa kama mtoto mgonjwa.

Napenda kwanza kuwaeleza wasomaji kwa nini gari la namna hii ni jepesi kuibwa. Ufunguo wake ni chuma kitupu. Kwa miaka mingi chuma kimelika, na kitasa nacho kimelika, hata ufunguo wa gari jingine waweza kukizungusha. Magari ya siku hizi yana kifaa kiitwacho imobilaiza. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna kipande kidogo kisicho na betri. Ukiutia ufunguo mahali pake, koili iliyozunguka kitasa hukipa nguvu, nacho hutaja namba yake. Kompyuta ya gari isipoitambua namba hiyo, injini haiwaki. Kampuni ya General Motors ilianza na jambo la kufanana na hilo katika Chevrolet Corvette ya mwaka 1986, kwa kutia katika ufunguo kipande chenye ukinzani maalumu (wenzangu wa Fizikia watafurahi), na katika nchi za Umoja wa Ulaya imobilaiza ikawa lazima kwa magari mapya mwaka 1998. Faida yake ilionekana wazi huko Marekani, ambako magari mengi ya Kia na Hyundai yalikuwa yameuzwa bila kifaa hicho. Mwaka 2021 na 2022 vijana walionyeshana kwenye video namna ya kuyawasha, na yakaibwa kwa wingi sana.

Baba alianza kwa kununua alamu. Mlango ukiguswa, king'ora hulia. Juma la kwanza mtaa mzima ulitoka nje. Kumbe ni paka. Juma la pili lori lilipita, kikalia; mvua ilinyesha, kikalia. Kufika juma la tatu hakuna jirani aliyenyanyua hata pazia. Tena alamu hula umeme gari likiwa limelala. Niliazima mita ya fundi nikapima: miliampea 50. Betri ya ampea-saa 45 hukaushwa na kiasi hicho kwa saa 900, yaani siku 37 na nusu, na betri iliyochoka haingoji siku zote hizo. Kwa teksi itembeayo kila siku si neno, ila mwenye gari la kuegesha na aangalie sana.

Likizo ya Juni ilipofika, baba alimwita fundi umeme atie swichi ya siri, nami nikawa mpitisha vifaa. Palizuka ubishi mzuri. Fundi alitaka kuikata njia ya umeme wa starta. Ni njia salama, alisema, kwa sababu starta ikishamaliza kazi yake, hitilafu ya swichi haiwezi kukuzimia gari katikati ya barabara. Baba akamjibu, “Fundi, gari hili ni la giya za mkono. Watalisukuma liwake, starta ya nini?” Basi wakaafikiana kukata umeme wa pampu ya mafuta. Pampu huvuta ampea kadhaa, kwa hiyo fundi hakuupitisha umeme wake katika swichi ndogo. Alitumia rilei, akaziunga waya kwa risasi ya kulehemu badala ya kuzisokota na kuzifunga utepe. Kazi ya kusokota ndiyo izimayo magari njiani.

Msomaji asitazamie nimtajie mahali swichi ilipo.

Na hapo ndipo penye ugumu. Siri hiyo sharti aijue kijana anayempokea baba gari siku za Jumapili. Fundi anaijua, na mimi naijua. Mama alikataa kabisa kuonyeshwa, akasema asiyejua hawezi kulazimishwa kusema.

Juma la tatu la likizo wezi walikuja. Walijua kazi yao: waya za king'ora walizikata kwanza, wakavunja kitasa cha ufunguo, wakalisukuma gari mpaka kwenye mteremko, likawaka. Ndiyo, liliwaka, kwa maana mafuta yenye msukumo hubaki katika mabomba hata pampu ikizimwa. Lilikwenda kiasi cha hatua mia moja likazimika kwenye kona. Baba alilikuta hapo alfajiri, milango wazi, redio haipo, waya za chini ya usukani zimening'inia kama utumbo wa kuku. Walikuwa wameitafuta swichi wasiione, wakaondoka.

Baba alikwenda polisi akatoa taarifa, kisha akanunua kitasa kipya. Fundi hamshuku, na ni mtu aliyetutengenezea gari tangu sijaanza shule. Hata hivyo jioni ile alifunga lango, akanipa tochi nimshikie, akaanza kuihamisha swichi kwa mkono wake mwenyewe.