Kabla ya kununua sahani za klachi

Jirani yangu wa bodaboda alikaza waya wa klachi mwenyewe nyumbani. Kesho yake, mlimani, injini ilinguruma lakini mwendo hauongezeki. Fundi akataka kubadilisha sahani zote, pesa ambazo jirani hakuwa nazo.

Tuliifuata kama hitilafu ya programu: badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine. Mkono wa klachi haukuwa na ulegevu hata kidogo, kwa hivyo sahani hazikubanana sawasawa. Tulilegeza nati hadi ncha yake ikacheza kati ya milimita 10 na 20, kama pikipiki nyingi zinavyotaka. Ukizidisha, gia huwa ngumu kuingia.

Mlima akaupanda. Angeendelea vile, sahani zingeungua kweli. Pima ulegevu kwanza, jamani.