Furaha ya Walokole

Katika ukoo wetu, kule Kamachumu, Kagera, mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitwa mlokole, yaani mtu aliyeokoka, na enzi hizo jina hilo halikuwa sifa. Walokole walisemwa vibaya. Hawanywi lubisi, pombe yetu ya ndizi, hawaendi kwa mganga, wanasimama mbele za watu na kutaja dhambi zao hadharani, mambo ambayo mtu mwenye haya zake hufa nayo. Baba, Mlutheri wa kubatizwa utotoni, aliona aibu.

Uamsho wa walokole ulitoka mbali. Septemba 1929, juu ya kilima cha Namirembe kule Kampala, Mganda mmoja aitwaye Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda. Walikaa wakasoma Biblia na kuomba, watu wawili waliochoshwa na ukristo wa jina tu. Moto ukawaka Gahini, ukarudi Uganda, ukavuka mpaka hadi Bukoba. Josiah Kibira alikuwa mtu wa uamsho huohuo, na baadaye akawa askofu wetu. Mwaka 1977 alichaguliwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho, na mama alipomtaja bado alisema "ndugu Kibira". Kwa walokole kila mtu alikuwa ndugu.

Mimi nilikua nikitazama furaha za aina mbili. Ya baba na wajomba ilikwenda na msimu. Chama cha ushirika kikilipa fedha za kahawa, nyumba ilichangamka: nguo mpya, nyama, ngoma hadi usiku. Bei ikianguka, kila mtu alinuna. Ya mama sikuielewa, kwa sababu sikuona inakotoka.

Siku moja niliona. Alijitwika debe la kahawa kavu, akanishika mkono, tukapita migombani hadi kibanja cha jirani. Akapiga magoti, kama mwanamke wa Kihaya anavyomsalimu mzee. "Mzee wangu," akasema, "msimu uliopita nilichuma kwenye mibuni yako ya mpakani, nikachanganya na yangu. Bwana amenionyesha. Nimekurudishia." Mzee alinyamaza kitambo kirefu. Kijiji kingejua kabla ya jua kuzama, nami nilitamani tuondoke. Kisha akasema, "Inuka, mwanangu, ukae," akamwagiza mkewe alete kahawa ya kutafuna, ile tunayowapa wageni wa heshima. Mama alitia punje mbili kinywani, akacheka kicheko ambacho sikuwahi kumsikia akikicheka nyumbani. Njia nzima ya kurudi aliimba Tukutendereza, kiitikio cha Kiganda ambacho walokole wa Afrika Mashariki nzima wanakijua, hata wasiojua neno jingine la Kiganda.

Wenyewe waliita jambo hilo kutembea nuruni. Nimesikia mahubiri mengi juu ya furaha tangu hapo, wala sijasikia yaliyoifafanua vizuri kuliko debe lile la kahawa.

Miaka mibaya ikaja. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, tukadhani mazito yamepita. Lakini mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika hospitali ya Ndolage, hapohapo jirani na kwetu. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la nguo za kupendeza zilizokuwa zikija na biashara ya magendo kutoka Uganda. Tulizika. Kwa desturi yetu tunazika kibanjani, kwa hiyo makaburi yalizidi kusogea kati ya migomba. Kaka yangu mkubwa akaenda, mkewe akamfuata, wakaacha watoto ambao mama aliwachukua wote.

Kwenye mazishi ya kaka, ndugu walokole wa mama walizunguka kaburi wakaimba. Nilikasirika. Nilimwambia mama usiku ule, tukiwa tumekaa juu ya majani yaliyotandikwa sakafuni kwa ajili ya waombolezaji, kwamba wale watu hawana huruma. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alikuwa amelia siku nzima, na alilia tena tulipokuwa tukiongea. Akanijibu, "Mwanangu, nalia kwa sababu nimefiwa. Naimba kwa sababu Yesu hafi tena." Hakuongeza neno. Asubuhi aliamka kabla ya wote, akawachemshia wajukuu uji.

Nilipohamia Dar es Salaam niliitafuta furaha ya mama mahali penye kelele zaidi. Miaka ya 1990 mikutano ya injili ilijaa viwanjani, kwaya zilitoa kaseti, kila basi lilipiga nyimbo za dini. Niliipenda mikutano ile na sitaisema vibaya. Wengi walimpokea Kristo pale, nami nilijifunza kuomba. Ila kuna mahubiri yaliyotuahidi nyumba, gari na ndoa, na hayo nayapinga mpaka leo. Yalitufundisha kungoja furaha kama tulivyongoja malipo ya kahawa. Lakini Paulo aliwahimiza Wafilipi wafurahi naye yumo kifungoni, hana hata uhakika wa kuishi.

Kwangu mabadiliko yalikuja nilipofiwa na mume wangu. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisa walikuja. Wakadeki, wakapika, wakalala nami kwa zamu, na kila alfajiri mmoja wao alisoma zaburi, hata ile ya 88 inayoishia gizani. Hakuna aliyenihimiza nitabasamu. Kwenye sala mmoja akamgeukia mwenzake akamwomba msamaha kwa neno alilomsema sokoni, wakashikana mikono, wakaendelea kuomba. Nilikuwa mjane wa siku chache, sina hakika ya ada za watoto, na hapo hapo nikajikuta nina amani, na chini ya amani hiyo nina furaha. Nikamtambua mama. Nikaelewa kwamba alichokuwa nacho hakikutegemea nani yupo hai au kahawa ni shilingi ngapi. Alikuwa amesamehewa, alilijua hilo, na hakuwa na kitu cha kuficha mbele ya Mungu wala jirani.

Huzuni haikuondoka, na bado huja, hasa Krismasi. Lakini haijaizima furaha hiyo tena. Ninailinda kwa mambo ya kawaida: kusoma Neno kabla ya simu, kutubu mapema, kutokosa jumuiya, kwenda kukaa na wagonjwa. Na yapo ya kushukuru: tangu dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, wajukuu wawili kati ya wale aliowachukua mama, waliozaliwa na virusi, wamekua, wameoa, na mmoja anaongoza kwaya ya vijana.

Wazee wa uamsho wanaisha. Waliobaki wako vijijini Kagera, Rwanda, Kigezi, Uganda ya kati na kwingineko, wengi hawaoni vizuri, wachache wanaulizwa chochote. Kama kwenu yupo mmoja, mwendee wiki hii, umwombe akusimulie alivyookoka, naye akikuuliza habari ya moyo wako, mjibu kweli.