Mkono wa Pole Mtambwe

Habari ilipotoka Jumatano ya Februari 17, 2021, kwamba Maalim Seif Sharif Hamad amefariki Muhimbili, nilikuwa Kariakoo, si mbali na hospitali. Aliyenijia akilini mwanzo ni kaka yangu, aliyeko Mtambwe, Pemba. Nikampigia mara tatu, hakupokea. Sikushangaa. Ulikuwa mwaka wa tano hatusemezani.

Mimi ni CCM, kama alivyokuwa marehemu baba. Kaka alikuwa CUF, chama cha Maalim, tangu vyama vingi vilipoanza, na Machi 2019, Maalim alipohamia ACT-Wazalendo, naye akamfuata. Mwaka 1995 tulipiga kura mbalimbali tukarudi nyumbani tukala sinia moja. Jeneza ndilo lililotugombanisha.

Matokeo ya uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2015 yalifutwa. Ukaja wa marudio, Machi 20, 2016, CUF wakaususia, na Pemba ikagawika. Asiyekuwa mtu wa kule hatajua uzito wake. Wapo waliokataa kununua duka la mwenzao, kupanda gari lake, kwenda harusini kwake, hata kumzika. Mwezi uliofuata ami yetu akafariki Wete. Alikuwa CCM. Nilitoka Dar es Salaam nikawahi maziko. Kaka, aliyekuwa ng'ambo tu ya maji, hakuja. Tulikuwa wachache mno, jeneza hatukuwa na wa kutupokea. Jioni ile nikavuka Mtambwe, nikamwambia mbele ya wanawe neno ambalo silirudii hapa. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma: "Basi kwangu usije tena."

Na mama anaishi kwake.

Tukaishi hivyo. Nikienda Pemba, mama aliletwa Wete kwa shangazi nikamwona huko. Nikipiga simu, mama aliweka sauti ya juu, na kaka, aliyekuwa chumba kimoja naye, akasema kwa kumwelekea yeye: "Mama, dawa za presha zimebaki za siku nne." Nami nikajibu: "Mama, kesho nitatuma." Fedha nilizituma kwa namba ya kaka. Hakuandika ahsante hata mara moja, ila kila mwezi alinitumia picha: vidonge juu ya mkeka, na risiti ya duka la dawa pembeni. Hakuna shilingi iliyopotea. Picha hizo ninazo zote. Kuna usiku nilizifungua nikaangalia mkeka tu, kwa sababu ni ule aliousuka mama tulipokuwa wadogo.

Ijumaa, siku mbili baada ya habari ile ya kifo, nikavuka Unguja, na Jumamosi asubuhi nikapanda boti ya Pemba pale Malindi. Wengi walikuwa wanakwenda kutoa taazia, kwa kuwa Maalim alikuwa amekwisha zikwa Alhamisi, kwao Mtambwe. Hakuna aliyenijua, wala sikusema mimi ni nani. Kaskazi lilikuwa linavuma, na tulipoupita mkondo wa Nungwi boti ikaanza kulala. Mama mmoja pembeni yangu akaanza kusoma dua. Hapa ndipo ilipozama MV Spice Islander, usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, imejaa watu wa Pemba. Nakumbuka siku zile: kila aliyeweza kubeba maiti alibeba, na kadi ya chama haikutajwa.

Katika boti nikamfikiria Maalim mwenyewe. Alikuwa Waziri Kiongozi akiwa CCM, akafukuzwa chamani, akafungwa, akagombea urais wa Zanzibar tangu 1995 bila kutangazwa mshindi hata mara moja. Hata hivyo Novemba 2009 alikwenda Ikulu kuonana na Rais Amani Karume, na Desemba 2020 akakubali tena kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, akaketi na wale wale aliokuwa akishindana nao. Ikiwa aliyeumia kuliko sote aliweza kuketi nao, mimi nilikuwa nimeshikilia nini?

Mkoani nikapanda gari ya Chake, Chake nikabadilisha ya Wete, na Wete nikashuka bandarini kutafuta mashua ya kunivusha. Nahodha hakuniuliza ninakwenda kwa nani. Aliponitazama usoni akasema, "Wewe nduguye." Tunafanana sana.

Kaka alikuwa barazani na wanaume sita. Nikatoa salamu, wakaitikia wote, naye pia. Halafu kimya.

"Umekuja kuzika? Umechelewa," akasema.

"Nimekuja kukupa pole wewe, kaka."

Nikamnyooshea mkono. Aliutazama kitambo, akaushika kwa mikono yake miwili, na bega lake likaanza kutikisika. Sijawahi kumwona akilia, hata baba alipokufa. Wanaume wale wakasogea, nikapata nafasi ya kukaa karibu yake. Mama alikuwa mlangoni, ameshika mwimo, hasemi kitu.

Kesho yake baada ya alfajiri alinigongea dirisha. "Vaa. Tunakwenda kwa ami." Tulivuka Wete pamoja. Alikuwa amechukua panga na jembe. Kaburi lilikuwa limemezwa na majani. Alilifyeka peke yake, akanikatalia nisimsaidie, mpaka mashahidi yote mawili yakaonekana. Kisha akanyanyua mikono na tukamwombea.

Niliomba radhi kwa neno lile la 2016, mbele ya wanawe wale wale, ambao sasa wana ndevu. Kaka bado ni ACT-Wazalendo, mimi bado ni CCM, na tunabishana kila wiki. Asubuhi ya Idd, Mei 2021, simu yangu iliita kabla sijatoka kwenda kusali. Aliyepiga ni yeye.