Kumbe Alikuwa Ananicheka

Kitabu nilikiokota kwa wale jamaa wa mitumba kando ya barabara, tauni. Mia na hamsini, ukurasa wa mwisho umekunjwa. Out of My Mind ya Sharon Draper, yule aliyekuwa mwalimu bora wa mwaka Marekani 1997. Kilitoka 2010. Nilidhani nitamsomea mdogo wangu apate usingizi. Manze, hatukulala.

Melody yuko darasa la tano. Ana mtindio wa ubongo. Hatembei, hasemi hata neno moja, lakini hasahau kitu. Daktari anamwambia mama yake kwamba huyu mtoto hana akili, na Melody ameketi palepale, anamchambua daktari kimoyomoyo, unene wake na maringo yake. Akipata mashine ya kumsemea, anaibatiza Elvira. Mdogo wangu alicheka mpaka kamasi ikamtoka.

Yeye pia hasemi. Ana miaka kumi na tatu, na kwa hiyo miaka yote mdomo wake ni mimi. Kanisani watu wananiuliza, "Anasema aje?" Najibu tu. Amechoka. Anataka chai. Nani ataniambia nimekosea?

Halafu tukafika kwa samaki. Samaki wa Melody anaruka nje ya bakuli. Melody hawezi kumwokota, hawezi kuita vizuri, anapiga kelele na kulivuta bakuli ili angalau maji yamfikie. Mama anaingia, anaona maji kila mahali na samaki amekufa. Anamkaripia mtoto.

Mdogo wangu aliacha kucheka. Akanikazia macho.

Nilijua ni nini. Mwaka jana aliupiga kikombe cha uji teke, ukamwagika kwa zulia la mathe. Nikamgombeza, nikamfinya mkono, nikamletea mwingine. Akafunga mdomo kabisa. Nikasema ana kiburi. Jioni mathe akafungua yale maziwa niliyotumia, akarudisha kichwa nyuma kwa harufu. Nikayamwaga kwa sinki, nikanyamaza. Sikumwambia mtu. Hata yeye sikumwambia pole.

"Ni ule uji?" nikamuuliza.

Akainua macho juu. Kwetu hiyo ni ndiyo.

"Ulikuwa unajua nilijua?"

Macho juu tena.

Nikamwambia pole, mwaka mzima baadaye, kitabu mkononi. Hakulia, hakunikumbatia kama kwa sinema. Alielekeza kidevu kwa kitabu: soma. Tukasoma mpaka pale timu ya chemsha bongo inapanda ndege na kumwacha Melody nyuma. Hapo tulikasirika pamoja.

Asubuhi nikampikia uji. Nikamwekea kijiko mdomoni. Akaufunga. Akaangalia kijiko, akaniangalia mimi, akaangalia kijiko.

Nikaonja kwanza.

Akacheka hadi kiti kikatikisika. Siku hizi ni hivyo kila asubuhi, na maziwa yako sawa kabisa.