Gari la Doria na Matope ya Eldoret

Msafiri atokaye Nakuru kwa motokaa, akiisha kupita vilima vya baridi vya Timboroa na soko la Burnt Forest, huiona nchi imefunguka mbele yake kama mkeka uliotandikwa: mahindi upande huu, ngano upande ule, na ng'ombe wa maziwa nyuma ya seng'enge. Hiyo ndiyo nchi ya Uasin Gishu, na mji wake mkuu ni Eldoret, ulio kando ya mto Sosiani, yapata mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Posta ilifunguliwa hapa mwaka 1910 katika shamba namba 64, na jina la Eldoret likatolewa mwaka 1912. Tarehe 15 Agosti 2024 mji huu ulipewa hati ya kuwa jiji.

Ndugu msomaji, nchi hii ni njema, lakini mvua yake haina mzaha. Mwaka 1908 Makaburu waliotoka Afrika Kusini walipanda huku kutoka Nakuru kwa magari ya kukokotwa na maksai. Walikwama topeni mara nyingi, ikawabidi kukata miti na kuitandika chini ili magurudumu yapate pa kukanyaga. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na siku hizi barabara kuu iendayo Uganda ni ya lami. Walakini mwizi wa ng'ombe hapiti barabara kuu. Yeye hupita njia za mashambani, tena usiku, mvua ikinyesha. Kwa hiyo mgeni asistaajabu akiona magari ya doria ya polisi wa huku si motokaa ndogo za mjini, bali ni magari marefu ya kwenda juu, yenye magurudumu mapana, na askari wameketi nyuma juu ya mabenchi.

Gari moja la namna hii lililojulikana na watu wengi ni Land Rover. Lilionyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, na Waingereza waliolibuni hawakumfikiria askari, bali mkulima. Mwili wake waliufanya wa aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa haba baada ya vita. Nyuma yake likaja Toyota. Mwaka 1951 Wajapani walilipandisha gari lao katika mlima Fuji hadi kituo cha sita, na polisi wa nchi yao wakalipenda, wakalifanya gari la doria. Mwaka 1954 likaitwa Land Cruiser. Basi moja lilizaliwa kwa ajili ya shamba, la pili likaajiriwa mapema na polisi, na kazi zote mbili zimekutana hapa petu.

Nilimwuliza dereva mmoja wa polisi siri ya gari lake, naye akanieleza kwa upole. Motokaa ya kawaida huendeshwa na magurudumu mawili tu. Yakiteleza, safari imekwisha. Gari hili injini yake huweza kuyazungusha magurudumu yote manne, tena lina gia za ziada za kwenda polepole kwa nguvu nyingi. Tumbo lake limeinuka, halikwaruzwi na mawe. Lakini kuinuka huko kuna hasara yake, maana likikata kona kwa kasi ni jepesi kupinduka. "Bwana," akasema, "gari hili si la mbio, ni la kufika."

Kufika, hilo ndilo neno. Zamani kituo kiliweza kuwa na gari na askari wasifike popote, kwa kuwa gari limewekwa juu ya mawe likingoja kipuri. Kwa sababu hiyo Serikali ya Kenya ilianza mwaka 2013 kukodi magari ya polisi badala ya kuyanunua yote, na kundi la kwanza lilikuwa la magari yapata 1,200. Katika mapatano hayo mwenye gari ndiye alitengenezaye. Hiyo ilikuwa hatua njema, walakini gari la kukodi nalo hunywa mafuta.

Jirani yangu mmoja aliibiwa ng'ombe watatu wa maziwa usiku wa mvua. Tulipiga simu kituoni tukaambiwa gari lipo, mafuta hayapo. Tulichanga fedha, kijana akapeleka mafuta kwa pikipiki, na gari likaja alfajiri. Lilipita kwenye matope yetu kama linalopita ukumbini, lakini ng'ombe walikuwa wamekwisha kwenda. Karo ya watoto wa jirani yangu ilikuwa katika viwele vya ng'ombe wale.

Mwaka uliofuata aliibiwa mama mmoja mjane. Safari hii gari lilikuja upesi, likafika njia panda, likasimama. Askari waliuliza wezi wamepita wapi, na hakuna aliyejibu. Sote tulikuwa tumesikia kwato zikipita, nami nilikuwa miongoni mwa walionyamaza. Wengine waliwaogopa wezi, wengine waliwaogopa askari wenyewe. Mwishowe kijana anayeuza maziwa alipanda garini bila kusema neno, akawaonyesha kivuko cha mto. Jua halijapanda juu, ng'ombe wa yule mama walikuwa wamerudi zizini.

Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya kimya chetu. Nchi hii inajua maana ya majirani kutoaminiana. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 njia zilizibwa kwa mawe na magogo, na tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa walimokimbilia watu lilichomwa moto, wakafa watu wengi, wanawake na watoto wakiwamo. Magurudumu manne hushinda matope, lakini hayashindi njia iliyozibwa na jirani kwa jirani yake.

Basi, wasomaji, tusifikiri kwamba amani ya mashamba yetu inaletwa na ukubwa wa gari. Serikali na itie mafuta, na dereva aende kwa busara. Askari naye amsikilize raia kwa adabu, ili raia asimwogope kuliko mwizi. Nasi wenyeji tuseme tunayoyajua. Gari ni miguu tu. Macho ni ya wanakijiji. Nami, siku nyingine likisimama njia panda usiku, nimekusudia kuwa mtu wa kwanza kupanda.