Mahali Maji Yetu Yanakwenda

Ndugu msomaji, kama unakaa Kolwezi, habari ya mto Lualaba si mpya kwako. Maji yake yanazungusha mashini za umeme kule Nzilo na Nseke, na umeme ule umeendesha viwanda vilivyolisha wazazi wetu na sisi wenyewe. Lakini umekwisha kujiuliza maji yale, yakitoka kwetu, yanakwenda wapi? Mimi sikujiuliza hata siku moja. Aliyejiuliza ni bibi yangu.

Katika nchi za baridi, bwana na bibi wanangojea theluji iishe, ndipo wanachukua hema na ndoano, wanakwenda kulala kando ya mto. Kwetu theluji haiko. Lakini tuko na mwezi wa tisa. Kipwa inaelekea mwisho, miti ya pori inatoa majani mapya mekundu hata mbele ya mvua kufika, na mtu anasikia hamu ya kutoka nyumbani. Ule mwezi wa tisa, mwaka 2018, ndio mimi na mama tulifunga mizigo.

Nilikuwa nimemaliza kazi miaka 31, mingi kati yake chini ya udongo, zamu ya usiku. Nilipewa feza ya mwisho, haikuwa mingi. Unajua namna inavyokuwa, feza ya mwisho haijafika mkononi, jamaa imekwisha kuigawanya. Mmoja alisema mabati. Mwingine alisema moto ya kupangisha. Wote walisema maneno mazuri. Bibi yangu alingoja wageni watoke, ndipo akasema: "Papa, mabati tutanunua. Kwanza unipeleke nione fasi maji ya kwetu yanafika."

Yeye ni mwana wa Bukama. Baba yake alikuwa mvuvi, na tangu utoto alimwambia kwamba kule chini sana, Lualaba inavunjika juu ya mawe, na kuko watu wanaoitwa Wagenia ambao wanakamata samaki katikati ya maji yanayochemka. Alikuwa na hamu ile tangu miaka 50. Mimi sikuijua. Nisikufiche, ndugu msomaji: hatukuwa maadui, lakini tulikuwa hatuzoeani. Mimi nililala mchana, yeye usiku. Tulikuwa kama watu wawili wenye ufunguo mmoja.

Tulikamata treni Lubumbashi kwenda Kindu, njia ya Kamina, Kabalo na Kongolo. Treni ile haina haraka, na abiria vilevile wanazoea. Watu wanapika, wanauza, wanasali rozari, watoto wanagombana, kisha wanalala juu ya miguu yako. Juu ya safari ile ningeweza kuandika peke yake, lakini tuiache.

Kindu ndipo mto unafungua mlango tena. Toka pale mpaka Ubundu ni karibu kilomita 300 za maji mazuri kwa mashua. Tulipanda balenieri, ni mashua kubwa ya mbao yenye motere moja, mizigo chini, watu juu ya mizigo. Jua likikaribia kushuka, nahodha anatafuta ukingo, kwa sababu usiku mtu hawezi kuona mawe na mchanga. Basi kila usiku tulilala kambini kwa wavuvi. Kambi ile wanaiita nganda. Wewe kijana wa mjini unajua nganda ni fasi ya kunywea bia, lakini mwanzo neno hilo ni kambi ya wavuvi, na mule ndani utakuta moto, moshi, samaki juu ya uchanja na mzee mmoja anayejua kila kitu.

Hema yetu ilikuwa bache ya buluu, kamba mbili na chandarua. (Chandarua usikisahau. Mbu wa ule mto hawaogopi mtu aliyebatizwa.) Usiku wa kwanza mama alitoa ndani ya kikapo nyuzi na ndoano ambazo sikujua amenunua. Alifunga chambo, akatupa, akakaa kimya. Kisha wakati kidogo alikamata ngolo, yule samaki wa ndevu, mrefu kama mkono wangu. Wavuvi walicheka kwa furaha, wakaanza kumwita dada. Mimi walinipa kazi ya kuokota kuni.

Usiku wa pili alinifundisha kufunga ndoano. Haya mikono yangu, iliyojua kupakia baruti ndani ya jabali bila kukosea, ilishindwa na uzi mmoja mwembamba. Alirudilia mara nne. Hakunicheka.

Usiku wa tatu, karibu na fasi mto Lowa unaingia ndani ya Lualaba, mvua ilikuja na upepo mukali. Bache iliruka. Tuliikimbilia gizani, tukaikamata, tukaikaa chini yake tumeishika kwa mikono mpaka asubuhi, nguo zote maji. Ndani ya usiku ule mama alinihadisia namna baba yake alivyokufa, na namna alivyoacha mitego yake saba mtoni na hakuna mtoto mwanaume wa kuitoa, basi ni yeye, akiwa na miaka 14, aliyekwenda kuitoa. Miaka 31 ya ndoa, na habari ile nilikuwa bado sijaisikia.

Ubundu, zamani Ponthierville, mashua yote inasimama. Toka pale mto unashuka ngazi saba za mawe kwa urefu wa zaidi ya kilomita 100 mpaka Kisangani. Ndiyo maporomoko ya Boyoma, ambayo zamani waliyaita Stanley Falls. Si marefu kwenda juu, yote pamoja yanashuka karibu metre 60 tu, lakini maji yanayopita pale ni mengi kupita akili. Ndiyo maana Wabelgiji walijenga njia ya treni ya kilomita 125 toka Kisangani mpaka Ubundu, ikamalizika mwaka 1906. Siku zetu treni haikuwa na siku wala saa, basi tulipanda moto mbili ndani ya pori. Mbali kidogo na njia ile kuko mto Ruiki. Mwaka 1951 Wamarekani walikuja pale kupiga sinema inayoitwa The African Queen, habari ya bwana mlevi na dada ya misionari ndani ya mashua moja. Nilimhadisia mama. Akasema: "Ule mlevi alifunga ndoano vizuri kukupita?"

Na hapa nikuonye, ndugu msomaji. Mwaka 2023 vita vya Wambole na Walengola juu ya udongo vilianza upande ule wa kushoto wa mto, kule Lubunga na njia ya Ubundu, na watu wengi walikimbia vijiji vyao. Njia tuliyopita sisi mwaka 2018, usiifuate kwa sababu umeisoma hapa. Uulize kwanza kwa mapadri na kwa watu wanaotoka kule. Kuko pia njia ya ndege mpaka Kisangani, ukipata feza.

Mji wa Kisangani wenyewe utakupendeza. Kiswahili chao kina utamu wake, kimechanganyika na Lingala, lakini utasikilizana na kila mtu. Kiswahili kile kilifika na wafanya biashara waliotoka pwani, na mkubwa wao alikuwa Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 mfalme Leopold alimweka kuwa liwali wa pale. Biashara yao ilikuwa meno ya tembo, na watu pia, tusisahau. Imani ya kikatoliki ilifika kisha, mwaka 1897, na Padri Gabriel Grison, aliyeanzisha misioni ya Saint-Gabriel. Na mji ule umeteseka. Mwezi wa sita mwaka 2000, toka tarehe 5 mpaka 10, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda walipigana ndani ya mitaa, wageni wawili ndani ya nyumba ya mwingine, mabomu maelfu yakaanguka, na raia mamia kwa mamia wakafa. Mwenyeji wetu alituonyesha tundu ndani ya ukuta wake. Hakulijenga. Amepanda maua mbele yake.

Asubuhi ya pili tukaenda kwa Wagenia.

Utasikia sauti mbele ya kuona kitu. Mimi nilifikiri ni mashini za kusaga mawe, juu ya mazoea. Kisha ukifika ukingoni unaona mto wote, mpana, unaanguka mweupe juu ya mawe, na katikati yake miti mikubwa imesimama, imefungwa mitatu mitatu kama miguu ya kiti, imeunganishwa na miti mingine ya kulala. Hakuna musumari hata mmoja. Yote ni kamba za pori. Wakati maji yamepunguka, wanaume wanatafuta matundu ndani ya jabali, wanasimamisha miguu ya miti ndani yake, wanakaza. Chini ya ile miti wananing'iniza vikapo vikubwa, virefu kupita mtu, vyenye umbo la pembe: mdomo mpana, mwisho mwembamba. Mdomo unaangalia maji yanakotoka. Samaki anasukumwa na nguvu ya maji, anaingia, na kule mwisho hapati nafasi ya kujigeuza. Hakuna chambo, hakuna ndoano. Nguvu ya mto yenyewe ndiyo inafanya kazi. Asubuhi na mangaribi wanapanda juu ya miti na kuvuta vikapo. Kila fasi ya mtego iko na jamaa yake, toka babu mpaka mjukuu, na mtu hawezi kufika tu na kusimamisha mti wake.

Mwenye kutaka kuona, asalimie kwanza wazee, aseme anatoka wapi, alipe kile wanachoomba bila kugombana sana, na asipige picha ya mtu bila kumwuliza. Mzee mmoja alipojua mama ni mwana wa mvuvi wa Lualaba ya juu, alimwuliza habari ya migono ya kwao. Walizungumza wakati mrefu, wakipima na mikono. Kisha mzee akasema: "Mama, ingia pirogi, uende na watoto wangu uone karibu." Akaniangalia mimi. Mimi sijui kuogelea. Nilizaliwa ndani ya cité ya kampuni, maji yetu yalitoka kwenye robine.

Nikabaki juu ya jiwe.

Pirogi ile ni mti mmoja uliochongwa, mrefu sana, vijana kumi wamesimama na makasia, wanaimba kwa pamoja kusudi mikono iende pamoja. Hawaendi moja kwa moja kwenye maporomoko. Wanapanda kando ya ukingo, kisha wanajiachilia, mto unawabeba, nao wanapiga kasia kwa nguvu mpaka wanashika mti wa mtego. Kosa la metre chache, mto unawapitisha. Niliona kitambaa cha mama, cha manjano, katikati ya migongo yao. Kisha pirogi iliingia nyuma ya moshi wa maji na sikuiona tena.

Pembeni yangu wanawake walikuwa wakipasua samaki. Mmoja alikuwa bibi ya kijana anayesimama mbele katika pirogi. Nilimwuliza kama wanakawia. Akasema: "Wanarudi wakirudi," akaendelea na kisu. Lakini niliona kila mara wimbo ukipotea, kisu kinasimama. Wimbo ukisikika tena, kisu kinaendelea. Wanawake wote, visu vyote. Hakuna aliyeinua kichwa.

Mimi nilihesabu. Nilifika 600, nikakosea, nikaanza upya. Nilimwomba Bikira Maria kwa maneno ambayo sikuyatumia tangu siku jabali lilituangukia mwaka 1996.

Walirudi. Mama alishuka na nguo maji mpaka kifuani, na mikononi ameshika mboto mmoja mzito waliyempa. Alikuwa anacheka kama msichana. Akaniona uso, akaacha kucheka. Alikaa karibu nami juu ya jiwe, hakusema kitu wakati kidogo. Kisha alisema, bila hasira: "Unakumbuka sirene ya kazi ikilia saa ambayo si saa yake? Sisi wote tulikuwa tunatoka inje ya mlango. Hatukuongea. Tulikuwa tunaangalia njia tu."

Nilimwuliza ilikuwa mara ngapi. Akasema hakuhesabu.

Yule mwanamke wa kisu alimaliza samaki wake, akatwaa mboto wetu bila kuuliza, akampasua, akamfunga ndani ya majani na pilipili. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mji, na vijana walikuwa wanapanda tena juu ya miti, kwa vikapo vya mangaribi. Mama alitwika liboke juu ya kichwa, tukapanda kwenda sokoni kutafuta ndizi za lituma.